Kwa nini siweki muziki kwenye video zangu za ndege

Kila nikiweka video mpya, hakosekani mtu wa kuniambia nitie muziki. "Dada rubani, video iko sawa lakini imepooza, weka hata benga kidogo." Benga naipenda. Nimelelewa Ahero, karibu na Kisumu, nikisema siipendi sitakaribishwa nyumbani. Lakini kwenye video za chumba cha marubani haitaingia, na kwa kuwa nimechoka kumjibu mmoja mmoja, leo naandika kwa urefu.

Ukiyachambua maswali mnayonitumia, karibu yote yanahusu sauti. Wachache huuliza ndege inapaaje. Wengi wanauliza ule mlio ulikuwa wa nini, mbona palinyamaza ghafla, nani alikuwa anagonga chini ya sakafu. Mama mmoja aliyetoka Nairobi kuja Kisumu kumwona binti yake aliyejifungua aliniandikia kwamba kabla ya kufika Kericho "injini zilizima zote mbili", naye akamshika mkono kijana aliyeketi kando yake, mtu asiyemjua, asimwachilie mpaka magurudumu yakagusa chini. Anasema kijana mwenyewe alikuwa amefumba macho. Mtu kama huyo nikimpa video iliyofunikwa na gitaa, nimemsaidia nini?

Injini hazikuzima, mama. Kutoka Nairobi hadi Kisumu kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 280. Uchore mstari huo kwenye ramani, utaona unapita karibu na mlima Longonot, unakata Bonde la Ufa, unapanda Mau, unapita Kericho, halafu Ahero, na hapo umefika. Ndege ninayorusha ni Dash 8-400, ile yenye mabawa juu na propela mbili. Kwa safari hii tunapanda hadi futi 20,000 au 22,000. Tukirudi Nairobi tunapewa 19,000 au 21,000, kwa maana wanaoelekea magharibi hupewa maelfu ya shufwa na wanaoelekea mashariki ya witiri, ili wanaopishana wasikutane kimo kimoja.

Kushuka huanza mbali kuliko abiria anavyodhani. Hesabu yake tunaifanya kichwani: kwa kila futi 1,000 unazotaka kupunguza, tenga maili 3 za baharini. Uwanja wa Kisumu uko karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari. Toa hizo kwenye 20,000, zinabaki kama 16,000. Zidisha 16 kwa 3, ni maili 48, yaani karibu kilomita 90. Kutoka Kericho hadi uwanjani, angani, ni kama kilomita 70. Kompyuta ya ndege nayo inapiga hesabu hiyo, lakini mimi hupenda kuwa na yangu mkononi kabla sijaiamini ya mashine. Basi abiria akiwa bado anatafuta mashamba ya chai dirishani, sisi tumeshaanza kurudisha nguvu ya injini nyuma. Pua inainama kidogo, kelele inapungua, tumbo linaelea. Dereva wa lori anayeteremka kutoka Kericho kwenda Awasi hufanya hivyo hivyo: anaondoa mguu kwenye mafuta, lori linaendelea kutembea, injini inanguruma chinichini. Sijawahi kumsikia turnboi akipiga mayowe kwamba injini imekufa.

Kuna mahali pengine sauti inapopungua, na hapo watu huogopa zaidi kwa sababu ardhi bado iko karibu. Wakati wa kupaa propela zetu huzunguka mara 1,020 kwa dakika. Tukishapata kimo cha kutosha juu ya uwanja tunazipunguza hadi 900, na tukifika juu kabisa zinashuka hadi 850. Angalieni ile video ya kuondoka Kisumu asubuhi. Mimi hukaa kiti cha kulia, kwa hiyo mkono wangu wa kushoto ndio unaofikia vishikio vya katikati. Kepteni anaita, narudia alichosema, navuta vishikio viwili kwa pamoja hadi vinakaa kwenye alama ya 900 kwa mkwaruzo mdogo ambao kamera imeunasa vizuri sana. Hapo hapo mlio wa ndege nzima unashuka. Ukiwa umeketi nyuma, hujaona mkono wala kusikia mkwaruzo, unachosikia ni mashine iliyokuwa ikinguruma ikibadilisha mawazo juu ya vilima vya Riat. Ningekuwa mimi pia ningemtafuta wa kumshika mkono.

Ile ya kugonga nayo ina watu wake. Mtu wa Bungoma aliandika kwamba alikuwa safu za mbele, usawa wa propela, na akasikia kama mtu anarusha mawe kwenye ubavu wa ndege. Hakukosea sana. Ilikuwa barafu.

Mlinicheka kwa jibu hilo. Barafu Kericho, na Ikweta yenyewe iko kilomita kama 10 tu kaskazini ya uwanja wa Kisumu, huko upande wa Maseno! Lakini joto hupungua kadiri unavyopanda. Kwetu hapa hewa hufikia nyuzi 0 karibu futi 16,000, na ndiyo sababu Mlima Kenya, wenye mita 5,199, una barafu juu huku watu wakichuma kahawa kwenye miteremko yake. Tukiingia ndani ya wingu nene juu ya kimo hicho, kuna matone ya maji yaliyo baridi kupindukia ila hayajaganda, na yakigusa tu chuma cha ndege yanakuwa barafu. Propela zina nyaya za umeme za kupasha joto kingo za mapanga yake. Barafu inalegea, inarushwa, inapiga ubavu: ta! ta-ta! Waliounda ndege walijua itapiga hapo, wakaweka bamba la ziada la kukinga. Siku ukipanda, litafute kwa nje, usawa wa propela. Mabawa yenyewe yana mpira mweusi kwenye kingo za mbele; tukiona barafu inajijenga, mpira unajazwa hewa, unavimba na kuipasua. Hiyo video ninayo, ila wingu lilikuwa zito na picha haionyeshi kitu cha maana. Nikipata nzuri nitaiweka.

Sauti zilizobaki nitazipitia haraka. Ule mshindo wa chini mara baada ya kupaa ni magurudumu yakijikunja na milango yake ikifunga. Kwenye ndege yetu magurudumu makubwa yanaingia nyuma ya injini, na aliye dirishani nyuma ya bawa anaweza kuyaona yakienda. Mlio mwembamba wa kusaga kabla ya kutua ni flapu zikitoka nyuma ya bawa ili ndege iweze kuelea kwa mwendo mdogo. Kengele moja, "ding", mara nyingi ni mhudumu mmoja anamwita mwenzake, au sisi tunawaita, na mara nyingi ni habari ya chai. Na ule mngurumo unaopanda kwa ghafla tukishagusa chini, ambao huwafanya wengine waseme rubani amekanyaga mafuta badala ya breki: mapanga ya propela yamegeuzwa pembe yakawa bapa mbele ya upepo, yanazuia badala ya kuvuta. Yanasaidia sana breki.

Zima simu, jamani, au iweke hali ya ndegeni. Si kwamba ndege itaanguka. Ni kwamba kuna simu ambazo zikitafuta mtandao huleta ule mlio wa trrr-trrr kwenye vipokea sauti vya masikioni mwetu, wakati huohuo mwongozaji ndege anatutajia kimo cha kushukia.

Kuna aliyeuliza kwa ukali kidogo kama sisi tunacheza na kamera wakati abiria wamelipa nauli. Swali zuri, na ni haki yake. Nina ruhusa ya maandishi ya kampuni. Kamera ni ndogo, inabanwa nyuma ya mabega yetu kabla milango haijafungwa, inawashwa, na haiguswi tena mpaka injini zizimwe. Chini ya futi 10,000 hatuzungumzi jambo lolote lisilohusu ndege, wala kucheka, wala kuonyeshana kitu nje. Mkitazama vizuri mtaona tunaanza kuongea habari za watu baada tu ya kuvuka kimo hicho. Mazungumzo ya redio nayakata, sura za abiria haziingii, na chochote kinachohusu mlango wa chumba chetu hamtakiona kamwe, msiniulize tena. Ndiyo maana video nyingine zinakatika katikati bila mpango.

Sasa hili la propela "zilizopinda". Wengi mmenitumia video mlizopiga na simu dirishani, mapanga yamejikunja kabisa, mengine yameachana na kitovu chake yanaelea peke yake. Mnauliza kama ndege ilikuwa salama. Ilikuwa salama, simu ndiyo iliyodanganya. Propela ina mapanga 6. Ikizunguka mara 850 kwa dakika, mapanga 85 yanapita mbele ya dirisha lako kila sekunde. Kamera ya simu haichukui picha yote kwa mpigo mmoja, inaisoma mstari baada ya mstari kutoka upande mmoja hadi mwingine, na inapomaliza mstari wa mwisho panga limeshahama. Ukiizungusha simu yako, kuisimamisha na kuilaza, utaona upindo unabadilika. Jua likiwa kali ndiyo picha inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu kila mstari unachukuliwa kwa muda mfupi mno na panga halipati nafasi ya kuwa ukungu.

Na kwa wanaosema propela ni teknolojia ya zamani: ndani ya ile injini kuna tabo, yaani gurudumu lenye mapanga madogo mengi, inayozungushwa na gesi moto, jamaa wa karibu wa injini ya jeti. Tofauti ni kwamba nguvu yake inapelekwa kwenye propela. Kwa safari ya dakika arobaini na kitu, ambapo ukimaliza kupanda unaanza kushuka, ndege ya aina hii inatumia mafuta kidogo kuliko jeti. Uzee haumo.

Hali ya hewa ndiyo mnayoniuliza kuliko yote baada ya sauti, hasa nyinyi mnaosafiri jioni. Mbona asubuhi safari inakuwa laini na saa kumi ndege inarukaruka juu ya Mau? Sababu kubwa ni ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya ziwani inavutwa kuja huku, inapanda kwenye miinuko ya Nandi na Kericho, inakutana na upepo unaotoka mashariki, na mawingu yanaanza kujengana. Ukitoka Nairobi saa tatu asubuhi unayaona madogo meupe chini yako. Saa tisa yamekupita kimo na yana giza tumboni. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa, upepo unateremka kwenda ziwani, na radi inahamia majini. Wavuvi wa Dunga hawahitaji rubani wa kuwaeleza hilo.

Mawingu ya Kericho nayaheshimu. Kericho na Nandi ni kati ya sehemu za dunia zinazonyeshewa mvua ya mawe mara nyingi zaidi, muulize yeyote mwenye chai. Jiwe la barafu linalotoboa jani la chai likikutana na ndege iendayo zaidi ya kilomita 600 kwa saa, linabonyeza pua na linaweza kupasua kioo. Kwa hiyo hatuingii. Rada yetu inaonyesha mvua kwa rangi, kijani, njano, nyekundu, na wingu kubwa la radi tunalikwepa kwa maili 20 za baharini tukiweza. Wapo watazamaji wanaofuatilia ndege kwenye simu zao na kuniuliza mbona jana tulizunguka hadi karibu na Nakuru. Ndiyo hiyo. Walioketi dirishani walifaidi kuona kreta ya Menengai yote, na Ziwa Nakuru jinsi lilivyotanuka na kumeza miti ya kandokando yake, ambayo sasa imesimama majini ikiwa mikavu.

"Mashimo ya hewa" hayapo. Najua tumeyarithi kutoka kwa wajomba waliosafiri zamani, lakini hewa haina shimo. Kuna hewa inayopanda na inayoshuka, na ndege ikitoka kwenye moja kuingia nyingine unatupwa. Tumbo lako linasema umeanguka kutoka ghorofani, huku namba ya kimo mbele yangu imecheza kidogo tu. Tunachofanya ni kupunguza mwendo hadi ule uliopangwa kwa hewa yenye misukosuko, kuwasha taa ya mikanda na kuwaambia wahudumu waketi. Bawa likipinda kidogo, usilie. Bawa lisilopinda ndilo la kuogopa. Mnaotoka chooni wakati taa ya mikanda inawaka, na nawajua mlivyo, ndio huumia.

Radi ikipiga ndege? Watu wa Kisii na Kakamega hawaulizi hili kwa mzaha, tunaijua radi. Umeme unapita juu ya ngozi ya chuma ya ndege na kutokea upande wa pili, abiria wakiwa ndani bila kuguswa. Mwanga ni mkali, mshindo ni mkubwa. Tukitua, mafundi wanaikagua ndege yote kutafuta mahali ulipoingilia na ulipotokea kabla haijaruka tena.

Halafu swali ambalo hunichekesha kila mara: "Tulipita Kisumu nikauona mji wote, mkaenda ziwani mkarudi. Mlikuwa mmepotea?" Hapana, ndugu yangu. Ndege inapenda kutua ikikabili upepo, kwani upepo wa mbele unaipunguzia mwendo juu ya ardhi. Njia yetu ya kurukia inaelekea kaskazini-mashariki ukiitazama kutoka ziwani, na kusini-magharibi ukiitazama kutoka upande wa milima. Upepo wa asubuhi ukitoka nchi kavu, inatubidi tutokee ziwani. Tunapita, tunageuka juu ya maji, tunarudi tukiwa tumenyooka na njia. Alasiri upepo wa ziwa ukiamka, tunatua tukielekea majini, na hapo hakuna kuzunguka sana.

Huko kugeuka ziwani ndiko ninakokupenda. Kwenye video ya mwezi uliopita, tukiwa tumelalia bawa la kulia, mtaona kitu cha kijani kinachofanana na uwanja kimetanda ghubani. Ni gugumaji. Halikai mahali pamoja, linasukumwa na upepo, na asubuhi ukiangalia limelala wapi unajua upepo wa usiku ulikuwa wa namna gani. Siku moja limeziba upande wa Dunga, siku nyingine liko upande wa Usoma karibu na mwisho wa njia yetu, likiwa limeacha mkia wa maji meusi nyuma yake. Kuna mashua ndogo ndogo zinazojipenyeza kwenye nyufa zake. Kutoka futi 2,000 juu ya maji unaziona zile zilizopata njia na zile zinazoelekea mahali pasipo na njia, na huna namna ya kuwaambia.

Kama tunakaribia kabisa halafu ndege inanguruma na kupaa tena, hilo nalo si ajali iliyoponyoka. Pengine mvua imefunika njia, pengine upepo umegeuka, pengine watu wa mnara wa kuongozea ndege wameona korongo wakubwa, wale marabu wa Kisumu ambao nadhani mnawajua, wanakatiza mbele. Kupaa tena ni jambo tunalolifanyia mazoezi mara nyingi. Mafuta yapo: ya safari, ya kwenda uwanja mwingine kama Eldoret au kurudi Nairobi, na juu ya hayo mengine ya kuzunguka dakika 30 ambayo hatuyahesabu kama yetu. Tukikwambia tunaelekea Eldoret, nunua chai huko, mvua ya Kisumu haina tabia ya kukaa sana.

Injini moja ikizima kweli kweli, si ile ya Kericho? Ndege inaruka na moja, na inapanda na moja. Kabla ya kila kupaa tunakokotoa mwendo fulani: chini yake tukipata hitilafu tunasimama kwenye njia, juu yake tunaendelea kupaa na tatizo tunalishughulikia angani. Mwendo huo unabadilika kila safari kulingana na uzito, joto na kimo cha uwanja. Hapa mwanafunzi mmoja wa Kakamega aliuliza swali zuri kuliko watu wazima wote, ati kwa nini joto liwe na shida. Kwa sababu hewa moto ni nyepesi, na hewa ya mahali pa juu ni nyepesi pia. Kisumu mchana kukiwa na nyuzi 30, ndege inajisikia iko karibu futi 6,500, si 3,800. Eldoret, ambako uwanja wenyewe uko karibu futi 7,000, mchana wa nyuzi 22 inajisikia iko zaidi ya 9,000. Bawa linashika hewa kidogo, injini inavuta hewa kidogo, na njia inahitajika ndefu. Nyumba ya kufanyia mazoezi ya hitilafu hizi ni mashine isiyoruka, na tunarudishwa humo kila baada ya miezi sita tuteswe na mwalimu.

Masikio yanayoziba: meza mate, piga miayo, mtoto mpe titi au chupa tunaposhuka. Hewa ya ndani ya ndege tunaishikilia isiende juu ya futi 8,000 hivi, ambacho ni kimo cha Molo. Anayetoka Molo kwenda Kisumu kwa matatu masikio yake yanapitia hali ileile, ila kwa saa kadhaa, nasi tunamshusha kwa dakika chache.

Chakula: kwenye safari ndefu marubani wawili huwa hawali chakula kimoja, ili kikiwa kibaya asalimike mmoja. Sisi wa Kisumu tunakula mandazi yaleyale tukiwa chini.

Mzee mmoja wa Kisumu alinisahihisha vizuri nilipoandika kwamba ndege hutua uwanjani. Akasema enzi za baba yake zilitua ziwani. Ni kweli. Mwaka 1931 kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilianza safari za kutoka London hadi Mwanza, na kipande cha kutoka Khartoum kuja huku kilikuwa cha ndege za majini. Kufikia 1937 zilikuwa zikitoka Southampton hadi Durban, Kisumu ikiwa kituo kimojawapo. Abiria walishushwa kwa mashua. Nikigeuka juu ya ghuba huwa najaribu kuwazia rubani wa wakati ule akitafuta maji matupu ya kutulia, na nashukuru kwamba gugumaji halikuwepo.

Wazazi wa watoto wanaotaka kazi hii: hesabu na fizikia, na Kiingereza, kwani redio ni ya Kiingereza na tunatahiniwa. Miwani si kizuizi, daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ndiye atakayesema. Shule nyingi za urubani ziko uwanja wa Wilson, Nairobi. Leseni ya kibiashara inataka umri wa miaka 18 na saa 200 angani, au 150 ukiwa kwenye kozi maalumu iliyoidhinishwa. Ile ya juu kabisa, ya kuwa kepteni wa ndege kama yetu, inataka 21 na saa 1,500. Gharama ni mamilioni ya shilingi, sitawaficha, na wengi tulichangiwa. Mkiniita kepteni huwa nafurahi, lakini begani nina mistari mitatu, si minne. Mama yangu pia amekataa kuelewa. Kila ndege inayopita juu ya mashamba ya mpunga ya Ahero anaipungia leso, hata za kampuni nyingine, hata zinazoenda Entebbe.

Video inayofuata ni ya kutua Kisumu usiku. Mwenye swali kuhusu zile taa nyeupe na nyekundu pembeni mwa njia aulize kabla sijaikata, nitazieleza humo humo. Muziki hamna. Na wewe unayeuliza mshahara, nimekuona tangu video ya kwanza. Endelea kuuliza.